Nimekaa na X-Plane 12, simuleta ya ndege ya kompyuta, na usukani wa mezani muda wa kutosha, haya ndo maoni yangu kwa wenzangu wa IFR, yaani wanaoruka kwa kutegemea vyombo bila kuona nje

Swali ni kama simuleta ya nyumbani inasaidia kutunza ujuzi wa IFR, na naanza na jibu kabisa manake najua wengi wenu mtasoma aya mbili mkaondoka. Kama una retingi ya vyombo, yaani kibali cha kuruka IFR, unarusha ndege ndogo, na huingii mawinguni kila wiki, nunua simuleta ya nyumbani, hela yake itarudi. Ila inarudi kwenye kichwa, kwenye mikono inarudi kidogo, na kwenye masikio hairudi kabisa. Ukiinunua ukijua hivyo utaifurahia. Ukiinunua ukidhani itakupa mkono laini wa kushika mwinuko bila sindano kutingishika, wiki ya kwanza tu utataka kuurusha huo usukani dirishani.

Ninachokipitia hapa ni seti nzima, siyo programu peke yake. X-Plane 12, kompyuta yenye kadi ya picha ya maana, usukani wa kubana mezani, pedali, kisanduku cha throto, skrini moja kubwa na tableti pembeni ya kusomea chati. Ndege ninayoitumia sana ni ile Cessna 172 inayokuja na programu yenyewe, ipo yenye saa za mviringo za kizamani na ipo yenye skrini za kisasa za G1000, na hilo kwangu ni jambo kubwa kwa sababu unachagua ile inayofanana na ndege unayoirusha kweli. Usije ukafanya mazoezi kwenye jeti la abiria afu Jumamosi unaenda kupanda 172, utakuwa umezoea kasi nyingine, dashibodi nyingine na namna nyingine kabisa ya kupanga mambo.

Kabla watu wa Microsoft hawajaja na mawe, nakubali, Flight Simulator ya 2020 na ile ya 2024 nje ni nzuri kupita kiasi, milima, bahari, miji, kila kitu kinavutia. Lakini sisi tunaongelea kuruka ndani ya wingu jamani. Ndani ya wingu dunia nzima ina rangi moja. Mimi vigezo vyangu vilikuwa vingine kabisa, nilitaka niweze kuweka dari la mawingu kwa futi ninazotaka na uoni ninaoutaka, niweze kuianzisha ndege maili 10 kabla ya runwei badala ya kupoteza nusu saa kutaxi na kupanda, niweze kuharibu chombo kimoja kimoja ninavyopenda, na mwisho nione kwenye ramani mstari wa njia niliyopita. X-Plane inafanya yote hayo. Kama programu yako inafanya hayo pia, endelea nayo, vita vya simuleta gani bora mi sivitaki.

Sasa tuondoe suala la sheria haraka manake huwa linaulizwa kila mara. Chini ya FAA, mamlaka ya anga ya Marekani, ili uruhusiwe kuruka IFR ukiwa rubani mkuu unatakiwa ndani ya miezi 6 ya kalenda iliyopita uwe umefanya aprochi 6, yaani kuikaribia runwei kwa vyombo, holdi, yaani mizunguko ya kusubiri kwenye pointi moja, na kuingia na kufuata njia kwa kutumia vifaa vya navigesheni. Ukichelewa unapewa miezi 6 mingine ya kujirekebisha ukiwa chini ya masharti ya mazoezi, na ikipita hiyo pia, hakuna njia isipokuwa kufanya ukaguzi wa umahiri, ile IPC, na mkufunzi au mtahini. Ulaya chini ya EASA, mamlaka yao ya anga, ni tofauti, retingi yenyewe ina mwaka 1 na unaihuisha kwa mtihani wa umahiri. Kotekote seti yako ya mezani haihesabiki. Wamarekani wanakubali kifaa cha mazoezi chenye barua ya idhini kutoka FAA, zile BATD na AATD zilizoko kwenye shule za urubani, na tangu mwishoni mwa 2018 hutakiwi hata kuwa na mkufunzi pembeni ili aprochi za humo zihesabike. Lakini iliyoko chumbani kwako ni yako wewe na Mungu wako, kwenye logibuku haiingii, asikudanganye mtu.

Ndo maana wengine wanasema basi ya nini. Hapo ndo ninapopingana nao. Kwani kuwa halali na kuwa mkali ni kitu kimoja? Mtu anaweza kufanya aprochi zake 6 zote uwanja uleule, ILS (mfumo wa redio wa kuongoza ndege hadi runwei) ileile, otopaileti imeshika kila kitu kuanzia mwanzo hadi futi 200, hali ya hewa safi na ile kofia ya kuzuia kuona nje tu kichwani, karatasi inasema yuko sawa kabisa. Mpe uwanja asioujua, upepo wa pembeni, muongoza ndege abadilishe runwei dakika ya mwisho, utaona jasho.

Na kuna utafiti mmoja ambao mi naona kila rubani wa IFR angeujua kabla hajatumia hela yoyote. Casner wa NASA na wenzake waliwaweka marubani 16 wa ndege za abiria kwenye simuleta ya Boeing 747-400, wakawaondolea otomesheni kidogo kidogo waone kinachobaki, matokeo yalichapishwa 2014. Kilichobaki kizuri kwa kiasi kikubwa ni mikono na macho, yaani kuzungusha jicho kwenye vyombo na kushika ndege, ingawa watu hawa walikuwa hawarushi kwa mkono mara nyingi. Kilichooza ni kufikiri. Kujua uko wapi bila ramani ya skrini kukuonyesha, kuamua hatua inayofuata ya navigesheni, kutambua kwamba chombo fulani kinadanganya. Sawa, hao ni wa ndege kubwa wenye maelfu ya saa, sisi wa wikendi mikono nayo inapata kutu, hilo halina ubishi. Lakini angalia hiyo orodha ya vilivyooza, afu jiulize ni kipi kati ya hivyo kinahitaji ndege ya kweli, mafuta ya kweli na hewa ya kweli. Hakuna. Vyote unaweza kuvinoa ukiwa umekaa kwenye kiti cha ofisi.

Mfano wa holdi, na hapa nitakaa kidogo manake ndo kitu ambacho kwenye ndege ya kweli watu tunakifanya ili kutimiza sheria tu, mizunguko miwili mitatu siku isiyo na upepo tunasepa. Kwenye simuleta weka upepo wenye kasi ya noti 35 kutoka pembeni kwenye mwinuko wa holdi, ondoa ramani inayotembea, bakisha VOR, kituo cha redio cha kuelekeza ndege, na saa ya kuhesabia tu, afu ingia. Chini ya futi 14,000 unataka mguu wa kuja, ule unaorudi kwenye pointi ya holdi, uwe dakika 1, siyo wa kwenda, kwa hiyo wa kwenda unaurekebisha kila mzunguko mpaka wa kuja utulie kwenye dakika yake, na zile digrii za kuupinga upepo ulizozipata kwenye mguu wa kuja unaziweka mara tatu kwenye mguu wa kwenda kwa sababu kwenye kona zote mbili umesukumwa na hukuweza kujitetea. Kwenye kitabu hii ni sentensi moja. Ukiifanya, mzunguko wa kwanza unatoka kama yai, wa pili kidogo afadhali, wa tatu unaanza kuelewa upepo uko wapi. Afu unasimamisha simuleta, unafungua ramani, unaona mstari wako wote ulivyokuwa. Hilo la kuona mstari ndo linalofundisha. Hewani unamaliza holdi mbovu na hujui kama ilikuwa mbovu, hakuna anayekuonyesha.

Na kuingia holdi vilevile, moja kwa moja, tone la machozi, sambamba. Unaweza kujipa hedingi yoyote, yaani uelekeo wa pua, unabofya ndege inakaa pale, una sekunde chache za kuamua, unaamua, unaingia, unarudia kutoka upande mwingine. Kazi ambayo hewani ingekula mafuta ya mchana mzima hapa inaisha kabla chai haijapoa. Na kitufe cha kusimamisha wakati, watu wanakidharau eti ni udanganyifu, mi nasema mwanzoni kitumie bila aibu. Ukichanganyikiwa, simamisha, tazama vyombo, sema kwa sauti uko wapi na kinachofuata ni nini, achia. Baadaye unajinyima.

Kitu cha pili kinachofanya seti hii iwe na maana ni GPS. Tuseme ukweli, siku hizi wanaopotea kwenye IFR ya ndege ndogo wengi wao hawapotei kwa sababu hawawezi kushika mwinuko, wanapotea kwenye vitufe. Umepakia aprochi lakini hujaiwasha, au umeiwasha mapema ndege inataka ikurudishe kwenye wepointi (pointi ya njia) ya mwanzo wakati muongoza ndege anakupa vekta, yaani hedingi za kufuata, za kuingia kwenye fainali, ule mstari wa mwisho wa kuelekea runwei. Unafuata ILS huku sindano bado inasoma GPS, imetulia katikati vizuri kabisa, ila siyo sindano ya lokalaiza, ile sehemu ya ILS inayokuonyesha mstari wa runwei. Umeghairi kutua, boksi limesimama halisongi kwenye hatua inayofuata mpaka ulibonyeze, wewe unangoja likuongoze na lenyewe linakungoja wewe. Mambo haya kuyajifunza hewani, mawinguni, peke yako, ni hatari na ni ghali. Mezani unayarudia mpaka vidole vinakwenda vyenyewe. Angalizo moja tu, GPS za simuleta zinafanana na za kweli kwa kiasi, siyo kwa kila ukurasa, kwa hiyo kama ndege yako ina boksi la Garmin tafuta pia programu ya mazoezi ya Garmin wenyewe ujibonyezee, hiyo ndo inafanana na kitu halisi.

Tukija kwenye kuharibu vyombo, hapa ndo hela yote inarudi. Kwenye ndege ya kweli mkufunzi anafunika upeo bandia, chombo kinachoonyesha mkao wa ndege, kwa kikaratasi au kile kimpira cha kunata, na wewe umeona amefunika, kwa hiyo kazi ngumu kuliko zote ameshakufanyia yeye, kazi ya kugundua. Kifo cha pampu ya vakyumu, inayoendesha chombo hicho, hakiji na kikaratasi. Upeo bandia unalala taratibu, kwa adabu kabisa, na kiashiria cha hedingi kinaanza kukengeuka, na wewe jicho lako limezoea kuuamini upeo huo kuliko kitu kingine chochote, kwa hiyo unaufuata. Unalaza ndege ukidhani unainyoosha. Kinachokuokoa ni kwamba kipima kona kwenye ndege nyingi za aina hii kinakwenda kwa umeme, dira ya sumaku haina habari na pampu, na mwinuko na mwendo vinatoka kwenye hewa ya nje, kwa hiyo vyote hivyo vinakwambia hadithi moja na upeo unakwambia nyingine. Kwenye X-Plane unaweza kuweka hitilafu itokee kwa bahati nasibu, unapanga wastani tu wa muda kati ya hitilafu moja na nyingine, halafu unasahau. Siku nzima hakuna kitu. Siku nyingine iko ndani ya fainali, futi 900 juu ya ardhi, kimya. Hakuna mkufunzi aliyewahi kunipa mshtuko wa aina hiyo, na mimi nawaheshimu sana wakufunzi wangu.

Na hitilafu ndogo ndogo pia zijaribuni, siyo pampu tu. Tundu statiki, linalopokea shinikizo la hewa ya nje, likiziba, kipima mwinuko kinaganda kilipo na kipima kupanda na kushuka kinakaa sifuri huku unashuka. Bomba la pito, linalopokea hewa ya mbele kwa ajili ya kipima mwendo, likiziba kabisa pamoja na kitundu chake cha kutolea maji, kipima mwendo kinageuka kuwa kama kipima mwinuko, unapanda mwendo unaongezeka. Kusoma unajua. Kuiona sindano ya mwendo inapanda huku wewe unavuta usukani na mwili wote unakwambia sukuma pua chini, hiyo ni elimu nyingine.

Kughairi kutua ndo zoezi ninalolifanya kuliko yote. Sababu ni rahisi, ukiwa na kofia kichwani kwenye ndege ya kweli ukifika futi 200 rubani wa usalama, anayekuangalizia nje, anasema haya vua, na runwei ipo. Kila mara ipo. Ubongo unajifunza kwamba mwisho wa aprochi ni runwei. Kwenye simuleta unaweka dari futi 150, au unaweka lile la kubahatisha ambalo hujui utaona nini, na unafika mwinuko wa maamuzi unaangalia juu, weupe mtupu, sasa pawa, pua juu, flapu, panda, kona ya kuelekea holdi ni kulia au kushoto? Au mbaya zaidi unaona taa chache za kukaribia runwei, zipo hazipo, na una sekunde moja ya kuamua. Hizo taa zinazotokea nusunusu hakuna kofia wala miwani ya kuzuia macho itakayokupa.

Haya, sasa upande wa pili, na sitaki mtu aseme sikuonya.

Mikono. Usukani wa mezani ni springi, basi. Unakaa katikati kwa sababu springi inauvuta katikati, na ndege ya kweli haifanyi hivyo, ndege ya kweli inakusukuma mkononi, unahisi uzito, unazungusha trimu mpaka uzito unaisha, ndege inakaa. Kwenye springi huna uzito wa kuondoa. Unatrimu kwa kuangalia sindano badala ya kuhisi, na ndo maana watu wenye saa nyingi wakikaa kwenye simuleta mara ya kwanza wanapanda na kushuka futi 200 kama mlango wenye springi mbovu afu wanasema hii kitu haifai. Inafaa, ila kushika mwinuko kwenye simuleta ni kugumu kuliko kwenye 172 halisi, zoea hivyo. Kuna ubaya wake lakini, tabia ya kukodoa macho kwenye kipima mwinuko inaingia, ambayo ndo kosa la jicho tunalokatazwa siku ya kwanza ya mafunzo ya vyombo. Dawa yangu ni kutrimu kwa pawa na mkao wa pua unaoujua, mfano weka pawa ya kushukia kwenye aprochi, weka pua pale unapojua, subiri, rekebisha kidogo. Usifukuze sindano.

Masikio ndo hadithi nzito. Ndani ya sikio kuna vimirija vyenye majimaji vinavyokwambia unazunguka, na kona ikiwa ya polepole au ikiendelea kwa muda, majimaji yanatulia na sikio linasema umenyooka. Ukinyoosha kweli, linasema unazunguka kwenda upande mwingine. Chuo Kikuu cha Illinois 1954 waliwachukua marubani 20 wasio na mafunzo ya vyombo, kwenye ndege ndogo ya Bonanza, wakawazuia kuona nje, na kwa wastani walipoteza udhibiti baada ya sekunde 178. Hizo ni dakika tatu kasoro. Mtasema sisi tumefunzwa. Rubani wa helikopta ya Kobe Bryant iliyoanguka Calabasas Januari 26, 2020 na kuua watu wote 9 naye alikuwa na retingi ya vyombo, na wakati anamwambia muongoza ndege kwamba anapanda kwenda futi 4,000, helikopta ilikuwa inashuka. NTSB, wachunguzi wa ajali wa Marekani, walisema mwili ulimdanganya baada ya kuingia mawinguni akiwa anaruka kwa kuona. Na Boeing 737 ya Flydubai pale Rostov-on-Don, Machi 19, 2016, usiku, wanaghairi kutua mara ya pili, pawa nyingi kwenye ndege nyepesi, na ile hisia ya kusukumwa mgongoni inakwambia pua imeinuka mno, pua ikasukumwa chini, watu 62 wakafa. Hao ni wataalamu.

Kiti changu cha ofisi hakinidanganyi kamwe, na hilo ndo tatizo lake. Kinasema umekaa, na kweli umekaa. Vyombo na mwili havigombani hata mara moja, kwa hiyo ule ujuzi wa kuukatalia mwili na kuviamini vyombo, ambao ndo roho ya kazi yenyewe, haufanyiwi mazoezi kabisa. Unaweza kukaa mwezi mzima kwenye simuleta ukawa hodari, ukaingia wingu la kweli lenye mtikisiko, ukainama kuokota kalamu, ukainuka na dunia imepinduka. Kwa hiyo ndege ya kweli na mkufunzi haziepukiki, macho yafungwe, mkufunzi aizungushe, akupe uinyooshe kwa vyombo. Na ukipata siku ya wingu jepesi lisilo na barafu wala radi, na dari liko juu ya kutosha, na unaruhusiwa, nenda na mkufunzi uingie. Wingu la kweli lina giza lake na mwanga wake unaoruka ruka, ni kitu kingine.

Hapo kofia nayo niipe haki yake. Ni kifaa cha zamani kuliko vyote, Jimmy Doolittle alifunikwa ndani ya ndege Septemba 24, 1929 akapaa, akazunguka na kutua bila kuona nje, rubani wa usalama Ben Kelsey akiwa kiti kingine. Inakupa mwili, mtikisiko, redio ya kweli, joto. Ubaya wake unaibia, yaani unachungulia nje. Usiseme huibii, kila mtu anaibia, kona ya jicho inaona ncha ya bawa na kivuli kinachohama ndani ya chumba cha rubani. Miwani yenye ukungu mi naiona afadhali kuliko kofia ya mdomo mrefu kwa sababu haigongi hedifoni, lakini ukiinua kidevu tu unaona nje. Simuleta huwezi kuiibia, hilo nalo ni pointi yake.

Redio tuiongee kwa kifupi. Sauti ya muongoza ndege wa kompyuta, kwenye simuleta yoyote ya nyumbani, haijafikia kiwango cha kukufundisha mazungumzo ya kweli. VATSIM, mtandao wa watu wanaoongoza ndege za simuleta kwa redio, ipo tangu 2001, ni watu wa kujitolea, bure, na kuna siku utapata muongoza ndege makini kuliko unavyotegemea, na kuna siku anga yote ipo wazi hakuna mtu. PilotEdge, mtandao mwingine wa aina hiyo, ni ya kulipia na wanaolengwa pale ni marubani halisi hasa. Kama ukipewa klirensi ndefu, yaani ruhusa na maelekezo ya muongoza ndege, inakutoka kichwani, chukua mojawapo. Kuandika klirensi huku ndege inakwenda, kuisoma tena bila kukosea, na kuibadilisha kwenye boksi ndani ya dakika hiyohiyo, ni mazoezi ambayo ukiwa peke yako kimya huwezi kujipa.

Vifaa, usukani wangu wa kwanza ulikuwa wa kampuni ambayo jina siweki, baada ya muda ulianza kuwa na eneo la katikati ambalo ukigeuza hakitokei kitu, unageuza unageuza halafu ghafla bawa linaanguka. Kwa kufuata lokalaiza hiyo ni sumu, manake marekebisho yote ya lokalaiza ni digrii mbili tatu. Ukienda kununua, pima hilo kwanza kabla hujaangalia taa na urembo. Pedali siyo lazima siku ya kwanza. Kisanduku cha throto ni lazima, na kigurudumu cha trimu halisi kama unakipata ni bora kuliko vitufe viwili vya kubonyeza, tofauti utaiona siku ya kwanza.

Miwani ya VR naitaja kwa sababu watu wananiuliza. Nje ni ya ajabu, kwa kujifunza kutua kwa kuona inaweza kusaidia sana. Kwa IFR hapana. Huoni tableti yako, huoni kalamu, huoni karatasi ya klirensi, na namba ndogo za vyombo unazisoma kwa kusogeza kichwa mbele. Na wengine tumbo linageuka baada ya dakika chache, halafu wanasema ndo mazoezi ya masikio. Siyo, hapo macho ndo yanasema unatembea na sikio linasema umekaa, kinyume cha wingu.

Nani asinunue? Mwanafunzi ambaye hajaanza mafunzo ya vyombo, huyo asubiri mkufunzi amtengenezee jicho kwanza, manake tabia mbovu ya kusoma vyombo aliyojifundisha mwenyewe chumbani itakula saa nyingi kuiondoa. Na mtu ambaye ataishia kurusha jeti kwenda visiwani kila jioni, naye anunue tu ila asiite mazoezi.

Jambo la mwisho la kiufundi, data za navigesheni. Dunia halisi inabadilisha data kila siku 28, ile AIRAC, na simuleta inakuja na data za wakati wake. Kwa mazoezi ya holdi na vitufe siyo shida, lakini utakuta aprochi kwenye chati yako mpya ina wepointi ambayo simuleta haiijui, usishangae wala usianze kurekebisha kompyuta. Kuna usajili wa kulipia wa kuweka data mpya, mi naulipia pale tu ninapokuwa na mtihani au safari ya uwanja nisioujua, nairuka ile aprochi yenyewe mezani, na kughairi kwake, na holdi yake, na chati ya kwenda nayo ndani ya ndege nachukua ile ya kweli iliyo hai siku hiyo.